Wanafunzi wa tiba kwa vitendo kwenda majumbani Tanga: ziara ya kwanza wafanye nini?

Mkufunzi_Tanga
Habari zenu wakuu. Muhula ujao nawatoa wodini wanafunzi wangu wa tiba kwa vitendo (fani ya kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku), tunaingia majumbani Ngamiani na Makorora. Wengi tutakaowaona ni wagonjwa wa kiharusi walioruhusiwa. Shida ni kwamba wanafunzi wakifika nyumbani wanamnyoosha mgonjwa mkono kitandani, basi, wanaaga. Niwape kazi gani?

BiMwanzange
Mwalimu, futi kamba na daftari vinatosha. Mgonjwa afanye mambo yake mbele yao: ainuke, aende choo cha uani, avae. Wasimshike mpaka ayumbe.

Wapime njia yote. Kizingiti cha sm 15 kwa kiti cha magurudumu kinataka mteremko wa sm 180, yaani moja kwa kumi na mbili. Kama anatembea na uchochoro ni mfupi, jengeni kidato cha sm 7.5 na mhimili wa kushikia upande wake wenye nguvu.

Kuvaa shati: mkono dhaifu uingie kwanza, utoke mwisho. Na mlezi akome kumwinua kwa kumvuta mkono. Bega lililopooza limelegea, likianza kuuma mazoezi yote yanakwama.

fundi_utengamao
Naongezea choo. Watu hutoboa kiti cha plastiki ili mgonjwa akae juu ya tundu la choo. Kwenye saruji yenye maji miguu inatanuka, kiti kinapasuka palepale kwenye tundu. Chongesheni cha mbao. Kimo: pima nyuma ya goti hadi unyayo, ongeza sm 3 hivi. Mikono ya kiti ifike mbele kabisa, ndiyo anayosukumia kuinuka. Chini pigilieni vipande vya tairi.

Jikoni msianze na mbuzi ya nazi, inataka mikono miwili na kukaa chini sana. Anzeni na ubao wenye misumari miwili isiyoshika kutu, ncha juu: kitunguu kinachomekwa, anakata kwa mkono mzima. Wakimaliza wazifunike ncha, watoto wapo.

Mkufunzi_Tanga
Shukrani. Alama za wanafunzi nizitoeje?

BiMwanzange
Mpime mwanafunzi kupitia mlezi. Ziara ya pili, mlezi amhamishe mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu bila kuelekezwa. Akisahau breki, mwanafunzi hakufundisha, alionyesha tu. Na saa za ziara hizo ziandikwe: kiwango cha shirikisho la dunia la fani yetu (WFOT) ni angalau saa 1000 za mafunzo kwa vitendo kabla ya kuhitimu, na za majumbani zimo.