Nta ya soya au parafini: ipi hutoa harufu kali zaidi?

Msaka Manukato: Salaam. Ninakaribia kuagiza nta ya kutengenezea mishumaa na nimekwama kati ya soya na parafini. Ninataka harufu ijae chumbani. Ninunue ipi?

Fundi Tambi: Hujataja kipenyo cha chombo, unene wa utambi, wala ukubwa wa chumba. Utambi mwembamba katika glasi pana huyeyusha kidimbwi kidogo cha katikati tu, na manukato yaliyomo kwenye nta ya pembeni hubaki humo humo, iwe soya au parafini.

Binti Mrashi: Mimi nachagua parafini, kwani huachia harufu upesi inapoyeyuka. Soya hudai subira: baada ya kumiminwa, huachwa itulie wiki moja hadi mbili kabla ya kuwashwa.

Bwana Nta: Jihadharini na tamaa ya mafuta mengi ya manukato. Niliwahi kununua mishumaa kwa muuzaji aliyejisifu kuwa ametia manukato maradufu. Juu ya nta palikuwa na vitone vya mafuta mfano wa jasho, utambi ukafuka moshi, mdomo wa glasi ukajaa masizi, na mwishowe moto ukazimika wenyewe kwa sababu utambi ulizibwa na mafuta. Nilichonusa ni moshi mtupu. Aina nyingi za nta hubeba manukato ya asilimia 6 hadi 10 tu.

Fundi Tambi: Kwa uzito, si kwa ujazo. Wanaopima kwa vijiko ndio wanaolalamika kila mara.

Mlinamizinga: Mbona nta ya nyuki haitajwi?

Binti Mrashi: Kwa sababu ina harufu yake ya asali, nayo hushindana na manukato mepesi.

Mlinamizinga: Hushindana na manukato duni, labda.

Msaka Manukato: Glasi ina kipenyo cha sentimita 8. Chumba sijakipima, ila madirisha yake hupitisha upepo mwingi.

Bwana Nta: Upepo huo huyumbisha mwali na kutawanya harufu, kwa hiyo usiilaumu nta. Kumbuka pia kwamba pua huzoea; toka nje kidogo, kisha urudi unuse.

Fundi Tambi: Na manukato yenyewe ni yapi? Ya limau hupaa upesi, ilhali ya vanila hukawia kuisha. Hilo bado hujatueleza.