Naomba ushauri: "stone", "moor" na "fen" kwenye tafsiri

Habari zenu wakuu. Natafsiri hadithi ya wachungaji wa Yorkshire, Uingereza, karne ya 19, na nimekwama. Sufu wanaipima kwa "stone", pauni 14, kama kilo 6.35. Lakini kwa wachinjaji wa Smithfield, London, stone ya nyama ilikuwa pauni 8! Nimejaribu kuweka kilo kote, ladha ya zamani ikapotea.

Halafu kuna "moor": nyika ya juu, yenye upepo, udongo mweusi wa mboji na vichaka vifupi vya maua ya zambarau. "Fen" ya Lincolnshire ni kinamasi cha tambarare.

Je, niandike "stoni" na kuifafanua mara ya kwanza tu? Na "moor" niiteje, nyika inatosha?