Familia ya Tabata 🏠: Vitu vya Neema

*Neema:* Wapendwa nahamia chumba na sebule hukuhuku Kinyerezi. Kabati la vyombo, makochi na dipu friza nauza, anayetaka aseme kabla sijamwita dalali

*Shangazi Rehema:* Shikamoo yangu sijaiona. Halafu umepatwa na nini, si kazi unayo?

*Neema:* Shikamoo shangazi 🙏 sijapatwa na kitu, nimechoka tu kulipia vitu kodi. Vyumba vitatu, kimoja kimejaa maboksi halali mtu humo, mende ndo wapangaji, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo

*Idi:* 😂😂 yuko sahihi bana. Dipu friza lenyewe linagandisha kilo moja ya nyama, luku inalia usiku kucha

*Shangazi Rehema:* Na wageni watakulia nini? Vyombo vya kitchen pati tulivichanga sisi

*Neema:* Shangazi zile sahani za maua zinafutwa vumbi tu, nyie mkija mnataka mkeka na sinia

*Mama Idi:* Hapo kasema. Mi juzi nafungua kabati sare za harusi zinanimwagikia, kila moja nimevaa siku moja, ile ya Mwanza ndoa imeshavunjika gauni bado jipya 🤣

*Idi:* Na ile droo ya mifuko ya rambo je mama? Imepigwa marufuku tangu Juni 2019 we unayo imekunjwa vizuri

*Mama Idi:* Mbona ukiomba wa kubebea pilau huulizi sheria

*Anko Salum:* Sisi watumishi wa kuhamishwahamishwa tunajua. Songea kwenda Tabora nilikodi Fuso, makochi yakafika yamechanika na hela ya gari ingenunua mapya. Uhamisho uliofuata niliuza kila kitu kulekule nikapanda basi na mabegi, godoro nikanunua nilikofika, na ile hela ya Fuso ndo ikaezeka banda la kuku. Ila Neema masufuria makubwa usiuze, msiba haupigi hodi. Yakae kwa mmoja wetu wote tuwe tunaazima, kwanini kila nyumba iwe na lake la kilo kumi

*Neema:* Sawa anko, hayo natoa bure

*Shangazi Rehema:* Yaje kwangu. Na kabati asipewe dalali, naleta kirikuu jumamosi

*Idi:* Shangazi si unayo mawili tayari 😳

*Shangazi Rehema:* Nimekuomba uliweke kwako? Neema, funguo zake zipo?

*Neema:* Zipo, ila kioo cha kulia kina ufa