Msaada wakuu: Premio inasoma P0420, fundi anataka kukata masega

Ngosha wa Igoma
Habari za jioni wakuu. Nina Premio ya 2004, injini 1ZZ, niko nayo hapa Mwanza. Wiki ya tatu sasa taa ya cheki injini inawaka, nikaenda kwa fundi umeme Nyakato akachomeka mashine ikasoma namba ya kosa P0420, akaifuta, nikaondoka na furaha zangu, sijafika hata Usagara ikawaka tena. Gari inatembea vizuri tu ila ikipanda kile kilima cha Bugando naona kama inakosa pumzi, na mafuta inakula kuliko zamani. Fundi anasema masega, kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzozi, yamekufa, dawa ni kuyakata na kuchomelea bomba tupu, elfu thelathini kazi imeisha. Swali langu ni moja, nikiyatoa injini haitapata madhara? Naomba majibu kabla ya Jumamosi, usingizi sipati.

Mama Dagaa
Jumamosi kuna nini?

Noah Nyeupe
Toa mkuu usiogope. Mimi yangu nilitoa 2019 na mpaka leo napeleka samaki Shinyanga kila wiki. Mlio umeongezeka kidogo, na harufu ni kali, mke wangu anajua nimefika kabla sijafungua geti. Taa yenyewe haikuzimika, nimeizoea tu.

Fundi Mstaafu
Mdogo wangu pole. P0420 haisemi masega yamekufa, fundi wako kasoma nusu. Kuna sensa mbili za oksijeni, moja iko kabla ya masega na nyingine baada yake. Masega yakiwa mazima na yamepata moto, ile ya nyuma inatulia, kwenye mashine utaiona iko kama volti 0.6 au 0.7 haihangaiki. Yakichoka, ya nyuma inaanza kupanda na kushuka kama ya mbele, kompyuta ikiona zinafanana ndio inawasha taa. Sasa ekzozi ikivuja hapo karibu, hewa ya nje inaingia na sensa inadanganyika, unapata P0420 ileile wakati masega ni mazima. Plagi ikikosa moto, petroli mbichi inaenda kuungulia humo ndani, masega yanayeyuka. Injini ikila oili, majivu yake yanafunika madini ya humo ndani yanayosafisha moshi. Kwaiyo kabla ya kukata chochote nijibu mambo mawili, asubuhi ukiwasha inatoa moshi? Na oili unaongeza?

Ngosha wa Igoma
Asante sana fundi. Moshi sijauona, na oili huwa naangalia iko sawa. Ila masega mapya bei haishikiki, na hata ukipata ya mtumba hujui yametoka kwenye gari gani, ndio maana naona kukata ni bora. Naombeni mnijibu hilo la madhara.

Mzee wa Magu
Vijana hamjui hiki kitu kina moto kiasi gani. Miaka hiyo nilikwenda msiba kijijini, nikapaki kwenye nyasi kavu, gari ilikuwa inakosakosa moto plagi moja njia nzima. Tumekaa dakika chache naona watoto wanakimbia, chini ya gari nyasi zinawaka kimyakimya, masega mekundu kama mkaa wa mama lishe. Tulizima kwa ndoo za maji ya msibani. Tangu siku hiyo nikisikia gari inakosa moto sisubiri. Na enzi zetu petroli ilikuwa na madini ya risasi, hiyo ndiyo ilikuwa inaua masega kabisa, huku kwetu kusini mwa Sahara ilikuwa imekwisha kufikia 2006, Algeria ndiyo ikamalizia dunia nzima 2021. Siku hizi masega mengi yanauliwa na uzembe.

Mama Dagaa
Ngosha, iko sawa maana yake huongezi, au unaongeza ndio inakuwa sawa?

Ngosha wa Igoma
Naongeza. Kama lita moja kwa wiki. Lakini dada yangu 1ZZ zote ndio zilivyo, uliza mtu yeyote, sio ugonjwa.

Mama Dagaa
Na Jumamosi?

Ngosha wa Igoma
Jumamosi anakuja mtu kuyachukua. Anayanunua laki moja na themanini, elfu themanini ameshanitumia kwenye simu na nimeshalipia ada ya mtoto. Sioni kosa, kitu kibovu, mtu anakitaka, kwanini nisiuze? Hela hiyohiyo ingenilipia fundi na chenji inabaki.

Fundi Mstaafu
Sio zote. Ni 1ZZ za kabla ya 2005, pistoni zake zina vitundu vidogo vya kurudishia oili, vinaziba, ringi zinaganda. Huo ni ugonjwa na una jina. Ukikata masega, oili itaendelea kuungua vilevile, utakachobadilisha ni kwamba sisi wote tutauvuta huo moshi. Na mnunuzi hakuhurumii, mle ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, hata masega yakichoka madini yamo, ndio maana katanguliza hela kabla hajayaona.

Jicho la Mwaloni
Wakuu mnapoteza muda. Gari inakula lita ya oili kwa wiki halafu mwenyewe moshi hajauona? Huyu ndiye mnunuzi, katengeneza stori ili tumtajie bei na gari zipi zina masega mazima, halafu usiku vijana wanalala chini ya gari zenu na grainda. Kuna uzi kama huu nimeusoma juzijuzi, tofauti ilikuwa RAV4, fundi ni huyohuyo wa elfu thelathini.

Noah Nyeupe
Duh. Na mimi nimesema yangu nilishayatoa, basi asinifuate.

Mzee wa Magu
Kijana kama ni kweli sema. Tumezungumza nawe kama mtoto wetu.

Ngosha wa Igoma
Wakuu mimi sio mwizi. Moshi niliuficha kwa aibu. Kila siku saa kumi na mbili kasoro nawasha, unatoka wa bluu mzito, naupepea na kanga ya mke wangu ili majirani wasiuone, maana nabeba watoto wao wanne kwenda shule na ndio riziki yangu. Jana mmoja kaniambia anko sweta langu linanuka gari. Na gari yenyewe sio yangu, ni ya dada yangu yuko Dodoma, aliniachia akasema ikutunze na wewe uitunze. Hilo la kuuza hajui.

Jicho la Mwaloni
Maneno matamu. Ingia chini ya gari, andika tarehe ya leo kwenye karatasi, piga picha karatasi ikiwa juu ya masega.

Ngosha wa Igoma
Nimeweka tatu. Msamehe giza, natumia tochi ya simu.

Jicho la Mwaloni
Nimeiona. Basi nirudishe maneno yangu, ila gari za watu zinakatwa kweli mjini hapa, sikuongea kwa chuki.

Fundi Mstaafu
Hebu wote fungueni picha ya pili. Pale kwenye flanji, maungio ya bomba, juu ya masega, upande wa karatasi inapoishia, mnaona masizi meusi yamejichora kama mkia wa panya? Gasket imeungua, hapo panavuja. Sisemi masega ni mazima, kwa oili hiyo yanaweza kuwa yamechoka kweli, ila hapo hujaweza kujua. Asubuhi injini ikiwa ya baridi washa, mtu azibe mkia wa ekzozi kidogo na kitambaa kilicholowa, wewe paka povu la sabuni pale, litafanya mapovu. Badilisha gasket, fungua plagi zote nne uzipige picha, ndipo turudi kwenye volti za sensa ya nyuma. Na kitu kimoja ndugu yangu, hao watoto kesho wasipande. Ile hewa ya ekzozi inayovuja ina kaboni monoksaidi, haina harufu.

Ngosha wa Igoma
Nimekuelewa fundi. Kesho nitawapandisha daladala, nauli natoa mimi. Yule mtu nimempigia nimwambie Jumamosi asije na hela yake nitamrudishia mwisho wa mwezi, kakata simu.

Mama Dagaa
Na dada yako?

Ngosha wa Igoma
Anatoka zamu saa mbili usiku. Nasubiri hapa na simu mkononi.