Aliyefuta safu ya namba "zinachafua jedwali" apimwe akili

Nimechoka_Kabisa: Wakuu, kikao kimeisha sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mtu mwenyewe mnamjua. Wa ofisini kwetu mliomo humu msijifanye wageni.

Jedwali la kufuatilia mahitaji, yaani mambo ambayo watu wa SACCOS wanataka mfumo wa kompyuta tunaowatengenezea uyafanye, nimelijenga mimi. Kila hitaji na namba yake, nani kaliomba, skrini gani inalibeba, jaribio gani linalithibitisha. Yeye kafuta namba. KAFUTA! Eti zinachafua jedwali. Halafu akapanga safu ya mahitaji peke yake kwa alfabeti. Excel ikamuuliza kama safu za jirani zifuate, akakataa, akahifadhi juu ya faili lile lile.

Sasa mwenyekiti wa SACCOS anauliza, kwa upole wa mtu mzima: "Hili la mkopo kuwa na wadhamini watatu aliomba nani?" Nasoma kwenye projekta: mlinzi wa getini. MLINZI! Ukumbi kimya. Na yeye, aliyefuta, ananiambia mbele ya watu: "Siku nyingine uwe unajiandaa." Mimi! Nijiandae! Mlinzi wa watu aliomba daftari la wageni tu, leo ndiye mkuu wa mikopo. Eti nijiandae. Nitazikwa na hilo neno.

Kisu Butu: Nakala ya jana huna?

Nimechoka_Kabisa: Usinipandishe presha. Kaifuta nayo, "inajaza nafasi".

Mlinzi Mstaafu: Kwa niaba ya walinzi wote, watatu ni wachache. Wekeni watano.

Binti Tozo: Afadhali wewe ulikuwa na jedwali. 2021 tozo ya miamala ya simu imeanza Julai, Septemba ikapunguzwa, na kwetu hakuna aliyejua kiwango kimeandikwa kwenye skrini zipi za mfumo. Tulikesha tunafungua moja moja.

Kisu Butu: Usinikumbushe tozo. Niliacha kutuma hela kijijini, shangazi hanisemeshi mpaka leo.

Rubani wa Mchongo: Programu za ndege za abiria zinazogusa usalama hazipati kibali bila kuonyesha kila hitaji limefika kwenye msimbo na kwenye jaribio. Huyo wenu asisogee uwanja wa ndege.

Nimechoka_Kabisa: NIJIANDAE jamani!!

Binti Tozo: Mteja wangu anatuma mahitaji kwa sauti za WhatsApp, jogoo anawika nyuma. Haya, fuatilieni hayo.

Mlinzi Mstaafu: Wewe unapata sauti. Bosi wetu anaagiza kwa vikatuni.

Kisu Butu: Binti Tozo, huko kwenu wanaajiri?