Logi na milinganyo ya vipeo: zilikutesa wapi? Tupeane uzoefu

Jana usiku hapa Umoja, Nairobi, nimemwona binti yangu wa kidato cha tatu akirudia kosa langu la miaka ile. Swali: 3ˣ = 20. Akachukua logi (kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kupata namba fulani) pande zote, x ikashuka vizuri: x log 3 = log 20. Kisha akaandika 1.3010 toa 0.4771, akapata 0.8239. Nikamuuliza, 3 kwa kipeo cha 2 ni ngapi? Tisa. Cha 3? Ishirini na saba. Sasa x itakuwaje chini ya moja? Akanyamaza, akachukua raba. Logi unazitoa pale 20 inapogawanywa kwa 3. Hapa logi zenyewe ndizo zinazogawanywa, jibu 2.73 hivi. Haya, na nyinyi?

Fundi Viatu, Gikomba: Mimi zilinikuta na deni. Shailoki, yule mkopeshaji wa riba kubwa, alinipa 5,000, riba 20% kwa mwezi, riba juu ya riba. Nikajiambia itafika mara mbili kwa miezi mitano, maana 20 mara 5 ni mia. Kijana mmoja wa chuo aliyeleta kiatu akaniandikia nyuma ya risiti: 1.2ⁿ = 2. Gawanya logi ya 2, 0.3010, kwa logi ya 1.2, 0.0792, n ni 3.8. Na kweli, mwezi wa nne daftari la yule mzee lilisoma 10,368. Kiatu nilimshonea bure.

Makanga Mstaafu: Kile kimstari juu ya 1, baa! Gari linashuka thamani 15% kwa mwaka, litabaki nusu lini? 0.85ⁿ = 0.5. Kwenye majedwali log 0.5 ni baa 1.6990, log 0.85 ni baa 1.9294. Nikazigawanya hivyo hivyo, nikapata 0.88. Yaani gari jipya libaki nusu kabla ya mwaka kuisha! Kumbe baa 1.6990 ni −1 + 0.6990, yaani −0.3010, na ile nyingine −0.0706. Ukizigawanya, miaka 4 na kitu.

Mwalimu wa Tuisheni, Kayole: Wangu wanafia hapa: 9ˣ − 2·3ˣ − 3 = 0. Wanamwaga logi kwenye kila kipande kama chumvi. Weka y badala ya 3ˣ, 9ˣ inakuwa y²: y ni 3 au −1. Hiyo −1 tupa, hakuna kipeo cha kuifanya 3 iwe hasi. x ni 1, bila logi hata moja.

Baba wa Umoja: Fundi, nimemsomea binti hiyo ya risiti. Anauliza kama ulimaliza kulipa.

Fundi Viatu, Gikomba: Mwambie nililipa mwezi wa sita, yote kwa pamoja. Apige mwenyewe ajue ni ngapi.