Jua limekuharibia nini, na ulijikinga vipi? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Dodoma

Wakuu salaam. Nilihamia Dodoma kikazi nikitokea Tanga. Tanga joto lipo, tena la jasho, lakini kivuli cha mwembe hakikosekani. Huku kiwanja nilichopata hakikuwa na hata kichaka. Nikajenga chumba cha kulala upande wa magharibi, dirisha kubwa la aluminiamu, kwa sababu nilipenda kuona jua likizama.

Kuanzia saa nane mchana ukuta ule wa tofali za saruji unapigwa na jua mpaka jioni. Unalimeza joto, halafu unalitoa usiku. Saa tano usiku ukiweka kiganja ukutani unahisi uvuguvugu kama wa jiko lililozimwa karibuni. Mtoto wetu mchanga alikuwa halali, mwili mzima harara. Nilianza na mapazia mazito ya ndani, fedha ikapotea bure: jua likishapita kioo, joto limeshaingia. Kilichotuokoa kiko nje. Nilirefusha upenu kwa mita moja na nusu, na kwa ajili ya jua la saa kumi, ambalo hupenya chini ya upenu, nikaning'iniza mikeka ya ukindu nje ya dirisha. Miarobaini miwili niliyopanda ina miaka minne sasa, imeanza kuufunika ukuta.

Gari ndiyo bado inaniumiza kichwa. Inashinda juani kazini, dashibodi imepasuka, taa za mbele zimekuwa za njano. Na nyie mmeharibiwa nini? Semeni na mlichofanya.

Fundi ujenzi, Kibaha

Mkuu, pole. Ungeniuliza kabla hujachimba msingi ningekwambia ugeuze nyumba. Kwetu jua linakaa utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na mwanzo wa Machi na katikati ya Oktoba. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini, lakini halishuki sana, upenu wa kawaida unalizuia. Mashariki na magharibi ndiko linakokuja limelala. Kwa hiyo madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi weka choo, stoo au jiko.

Kwenye bati: rangi nyeupe au ya kijivu hafifu inapunguza joto kuliko nyekundu iliyoiva au nyeusi. Na ukipiga dari, acha matundu ya hewa kwenye upenu, la sivyo joto linafungiwa humo juu na linashuka kwenu.

Fundi wa gereji, Mwanza

Taa za siku hizi ni plastiki, polikaboneti, si kioo. Kiwandani zinapakwa utando wa kuzuia miale ya jua. Utando ukiisha, plastiki inageuka njano. Watu wanasugua kwa dawa ya meno, taa zinang'aa, baada ya wiki chache zinarudi vilevile, maana kinga hawajairudisha. Fanya hivi: msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, huku unamwagia maji, halafu kompaundi ya kung'arisha, halafu upige klia (ile rangi ya juu inayopitisha mwanga) yenye kinga ya jua. Hiyo klia ndiyo kazi yenyewe.

Paa na boneti zikianza kuchubuka kama ngozi ya nyoka, klia imeshakufa na nta haiwezi kuifufua, ni kupiga rangi upya. Kabla hujafika huko, paka nta kila baada ya miezi michache, mavi ya ndege yafute siku hiyohiyo, wala usioshe gari juani. Dashibodi ukipaki weka ile kinga ya kioo cha mbele, hata boksi lililokunjuliwa linafaa. Na marashi ya kopo au kiberiti cha gesi msiache humo ndani, vinalipuka.

Bodaboda, Singida

Mimi ni macho. Miaka tisa barabarani, jua, vumbi na upepo. Kikaota kinyama kwenye weupe wa jicho upande wa pua, kinatambaa kuelekea kwenye mboni. Nilidhani ni uchafu, nikawa naweka dawa za duka. Daktari wa macho akanieleza kwamba kikifika kati ya jicho kitaniziba, na hata kikikatwa kinaweza kurudi nisipojikinga.

Nilikuwa na miwani nyeusi ya barabarani. Kumbe weusi si kinga. Kioo cheusi kisichozuia miale kinafanya mboni ipanuke, miale ikaingia zaidi. Tafuta iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia miale ya jua inayodhuru, na upeleke kwa mpima macho akuhakikishie, maana maandishi yanabandikwa tu.

Mkazi wa Kimara

Langu dogo: bomba za plastiki nilizopitisha juu ya ukuta bila kufunika zilikauka zikawa zinakatika kama biskuti. Zifukieni au zipakeni rangi.

Mama wa watoto watatu, Same

Mwanangu wa pili ana ualbino. Kwetu habari ya jua si ya rangi ya gari, kwa hiyo mnivumilie nikiandika marefu.

Alipokuwa na miaka miwili nilipewa mafuta ya kujikinga na jua kliniki, yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC pale Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nikaona nimemaliza. Nikawa nampaka asubuhi, namwacha acheze. Alirudi na malengelenge shingoni. Muuguzi alinikalisha akanifundisha upya: nguo kwanza, kivuli pili, mafuta ni ya tatu. Mikono mirefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubana (kishike juani, ukiona mwanga unapita, miale inapita pia), kofia ya ukingo mpana mzunguko mzima. Kofia ya kapelo inaacha masikio na kisogo wazi. Mafuta apakwe robo saa hadi nusu saa kabla ya kutoka na arudiwe kila baada ya saa mbili, nyuma ya masikio, midomoni, upande wa juu wa miguu akivaa ndala. Hata siku ya mawingu.

Akiwa na miaka saba nikaona kigaga kikavu sikioni, hakiponi. Sikungoja. Kiliondolewa mapema, akapona. Kidonda kisichopona kwa mwezi mpeleke hospitali, jamani.

Kilichonitesa zaidi ni shule. Kanuni ilikuwa mikono mifupi na hakuna kofia mstarini, na mstari wenyewe juani. Niliandika barua mbili ndipo wakakubali.

Kijana wa Tabata

Mimi mweusi tii, mafuta ya jua ya nini?

Muuguzi, Morogoro

Kaka, weusi wako ni kinga kubwa kweli, ila haulindi macho, na haukuzuii kuzidiwa na joto. Tena ukimeza dawa ya doksisaiklini ngozi inaungua upesi. Na wale wanaopaka mkorogo wenye haidrokwinoni au zebaki wameivua ile kinga waliyozaliwa nayo. Nawapokea mashavu yameungua, yamebaki na mabaka meusi kuliko mwanzo.

Mwanzisha mada, Dodoma

Nimewasoma wote, ahsanteni. Mama wa Same, mpwa wangu ana ualbino na Januari anaanza darasa la kwanza. Barua ile uliandika nini?

Mama wa watoto watatu, Same

Niliomba mambo manne, nikaambatanisha cheti cha daktari. Avae mikono mirefu, na kofia mpaka mlangoni mwa darasa. Mstarini asimame chini ya mti. Kazi za nje na michezo apangiwe kabla ya saa tatu asubuhi. Na akae dawati la mbele, mbali na dirisha, kwa sababu macho yao hayaoni vizuri ubaoni na mwanga mkali unawaumiza. Mpeleke mtoto mwenyewe kwa mwalimu wa darasa kabla shule haijafunguliwa, amwone amevaa hivyo.